Punda Akiibiwa, Nimpigie Nani?

Tarehe 8 Mei, Siku ya Punda Duniani, nilihudhuria sherehe bila kualikwa. Hema lilikuwa kando ya barabara, mimi nilikuwa na kiu, nikajua hapakosi maji. Kweli hayakukosekana. Kila aliyeketi kwenye kiti cha plastiki alipewa chupa yake, na mgeni wa heshima akawekewa mbili. Aliyekosa ni mmoja tu, punda dume aliyevishwa shada la maua ya karatasi na kufungwa kwenye mgunga ambao kivuli chake kingemtosha mbuzi. Alisimama pale tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba akingoja kupigwa picha na mheshimiwa, huku tukisomewa hotuba tatu ndefu kuhusu ustawi wake.

Mwishoni mshereheshaji akauliza kama kuna mwenye swali. Koko mmoja, ndivyo tunavyomwita bibi kizee, aliyekuwa amekaa chini, nyuma kabisa, akainuka taratibu akishikilia fimbo. Aliuliza kwa Kimaasai, kijana akamtafsiria, ingawa tafsiri ilitoka fupi kuliko swali. Alichosema hasa ni hiki: amesikia kwamba asimchape punda, asimzidishie mzigo, amnyweshe na amtibu vidonda. Sawa, hana ubishi. Ila punda wake wawili walichukuliwa usiku wa Jumanne iliyopita. Anaomba kujua ampigie nani.

Mgeni wa heshima akasema hilo ni swali zuri sana. Kisha tukaombewa, tukaambiwa chakula kiko tayari.

Tangu siku hiyo sijatulia. Kila nikisikia neno "kumlinda punda" naona ile chupa ya pili ya mheshimiwa ikitoka jasho mezani.

Mtu atasema jibu ni rahisi, apigie polisi. Na kwenye karatasi yuko sahihi. Kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtaja punda waziwazi kati ya wanyama ambao ukiwaiba unaweza kufungwa hadi miaka 14. Tena ukiisoma orodha ile utakuta punda ametangulia ng'ombe. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana aliyeiandika hakulelewa na baba kama wangu. Kwa baba, mali ilianza na ng'ombe, ikafuata mbuzi na kondoo, ikaishia hapo. Punda walihesabiwa pamoja na sufuria. Vyombo vya mama.

Ng'ombe akiibiwa kwetu, dakika kumi nyingi, vijana wako njiani na rungu, simu zinapigwa mpaka kwa chifu, mpaka kwa mjumbe wa wadi, na jioni kuna baraza. Punda akiibiwa, wanaume huuliza "yupi huyo?" kisha chai inaendelea kumiminwa. Mama huchukua mtungi akaondoka.

Najua kwa sababu nimeyaona. Tulikuwa na punda jike tuliyemwita Posta. Ukimpakia kisimani ukamwelekeza nyumbani, alifika mwenyewe na mzigo wake hata kama wewe ulibaki nyuma unapiga soga. Ukwato wake wa mbele kushoto ulikuwa na ufa, kwa hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza aliujua wayo wake. Asubuhi moja ya mwaka 2017 hakuwapo. Mimi na mama tulifuata nyayo, ule wenye ufa ukionekana vizuri kwenye vumbi, mpaka kwenye korongo lililo chini ya barabara. Tukamkuta pale, amechunwa. Nyama haikuguswa. Hata fisi walikuwa hawajafika. Juu kidogo ya kwato ngozi ilikuwa imekatwa kwa mduara nadhifu, miguu yote minne, kama mtu aliyevuliwa soksi. Kamba yetu ya katani waliikunja vizuri wakaiweka juu ya jiwe. Sijui kwa nini hiyo kamba ndiyo iliyoniudhi kuliko yote.

Mama hakulia. Alirudi nyumbani, akalishusha shogi, lile tandiko la kumpakilia punda mizigo, akatoa mitungi mitatu, akachagua mmoja. Kisimani ni mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na kurudi ni zaidi kwa sababu mkanda umekukaza kwenye paji la uso na maji yanakuvuta nyuma. Posta alileta lita 60 kwa safari moja. Mgongo wa mama ulileta 20. Dada yangu, wakati huo darasa la sita, akaanza kukosa shule Jumatatu na Alhamisi. Mwalimu alidhani ni mvivu. Baba alisema ataulizia habari za yule punda. Mpaka leo hajaulizia.

Miaka hiyo biashara yenyewe haikuwa ya kificho. Punda alikuwa ameingizwa kwenye orodha ya wanyama wa kuchinjwa kwa nyama mwaka 2012, na kuanzia 2016 machinjio yenye leseni yakafunguliwa: Mogotio kule Baringo, Naivasha, Machakos, Turkana. Ngozi zilisafirishwa China zikachemshwe kuwa ejiao, ute unaoingia kwenye dawa na vipodozi, kwa kuwa huko kwenyewe punda walikuwa wamepungua kutoka milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni tatu. Walipomaliza wa kwao wakatugeukia. KALRO, taasisi ya serikali yenyewe ya utafiti wa kilimo na mifugo, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa nchini kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, zaidi ya asilimia 15 ya punda wote tuliokuwa nao. Na hao ni waliopitia mlangoni. Posta hayumo kwenye hesabu hiyo, yeye aliishia korongoni. Kumbuka pia kwamba punda jike hubeba mimba mwaka mzima, wakati mwingine na ziada, na huzaa mmoja. Huyu si kuku wa kuagiza vifaranga mia.

Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji huo wa biashara. Tukashangilia. Mei 2021 Mahakama Kuu ya Naivasha ikaitupa marufuku hiyo baada ya mwenye machinjio kushtaki. Tukanuna. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Tukashangilia tena, kwa sauti ya chini kidogo, tumeshazoea. Ni jambo jema, sibishi. Lakini wezi wa Koko hawakutoka Addis Ababa. Walitoka hapa hapa, na waliijua njia ya kisima.

Nitakubali mawili, kwa shingo upande. Kwanza, si kila punda aliyefika machinjioni aliibwa. Jirani yetu aliwauza watatu kwa hiari, akalipa karo ya kidato cha kwanza, na sina ujasiri wa kumwambia alikosea. (Mwaka uliofuata alikuja kuazima wetu. Tukampa. Ndiyo ujirani.) Pili, wako Waturkana wanaokula punda tangu zamani, na hilo ni lao. Sijaja hapa kupekua sufuria za watu. Hiyo kazi nawaachia wa Nairobi, ambao humkumbuka punda siku moja tu, siku ya tetesi kwamba yuko ndani ya sambusa. Hapo utasikia kelele! Taifa zima linajiuliza limekula nini, hakuna anayeuliza nani amebaki bila mnyama wa kumletea maji.

Lugha yetu nayo haijamtendea haki. Tunasema fadhila ya punda ni mateke. Nimeishi na punda maisha yangu yote nikapigwa teke moja tu, na nilistahili, nilikuwa nakaza kamba juu ya kidonda. Tunasema punda afe mzigo ufike, na kwa kweli hivyo ndivyo tunavyoishi naye. Hata ugonjwa unaomkamata mtu aliyechomwa na msumari tumeuita pepopunda. Siku hizi tukilalamikia kodi tunaandika "punda amechoka" kila mahali. Punda mwenyewe hakuna aliyemuuliza kama amechoka.

Na alikuwa amechoka, ndiyo. Hapa hotuba zile tatu zilisema kweli, nami sina budi kukiri. Kabla daktari wa mifugo hajatufokea, Posta tulimpakia mitungi minne. Lita 80 za maji ni kilo 80, na punda wetu hawa ana kilo 150 hivi. Wanaojua wanasema asizidishiwe theluthi ya uzito wake. Piga hesabu mwenyewe uone kwamba hata ile mitatu tuliyojisifu nayo ilizidi. Tatizo la punda ni kwamba hasemi. Ng'ombe akiumwa utamsikia, mbuzi ndiyo usiseme, lakini punda atasimama na kidonda cha ukubwa wa kiganja mgongoni, masikio kayalaza kidogo tu, ukadhani anasinzia. Mnyama aliyezoea kuwindwa haonyeshi udhaifu mbele ya watu. Mama alikuja kumtengenezea mto wa magunia na nguo kuukuu wa kuweka chini ya shogi, na kidonda kikafunga kwa majuma machache. Haikuhitaji mradi wala mfadhili.

Kwa hiyo mafunzo yana faida. Kinachonichoma ni kwamba mafunzo yote anapewa mwanamke. Mpende, mnyweshe, mpumzishe. Anaambiwa yule ambaye tayari anaamka usiku kumsogeza punda karibu na mlango akisikia fisi. Hakuna semina niliyowahi kuiona ya OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, ya dereva wa lori, ya dalali wa mnadani, ya wazee wa baraza. Hao ndio wanaohitaji chupa za maji na viti vya plastiki. Mifugo kuhamishwa kaunti hadi kaunti huhitaji kibali cha afisa wa mifugo, sasa niambieni lori lililojaa punda hupitaje kizuizi cha barabarani saa nane za usiku. Askari hudhani wanakwenda harusini?

Hata serikali inapojali, punda huachwa nje ya boma. Mpango wa bima ya mifugo ulioanza 2015 ulihesabu ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, visima vya karibu vilikauka na punda ndiye aliyetembea mbali zaidi kuliko mifugo yote kuileta ile mitungi. Wa kwetu wawili walikufa njiani. Kwenye fomu ya hasara hapakuwa na mahali pa kuwaandika. Yule kijana mwenye fomu aliniambia kwa upole niwaweke pamoja na mbuzi.

Sitaki sheria mpya. Ya miaka 14 inanitosha, ifanye kazi siku moja tu tuione. Nataka mzee wa baraza atoze faini ya punda kama anavyotoza ya ng'ombe, bila kutabasamu. Nataka mnadani anayeuza punda aulizwe alimtoa wapi, na ajibu mbele ya mtu anayemjua. Alama tunazokata masikioni mwa ng'ombe zikatwe na kwa punda, basi, kisu ni kile kile.

Baada ya chakula nilimtafuta Koko. Nilimwambia twende pamoja kituoni. Akanitazama kama mtu anayealikwa mwezini, lakini akaja. Askari wa zamu alikuwa kijana mdogo, mpole hata.

"Mama, umepoteza punda?"

"Sikupoteza," Koko akasema. Kiswahili chake ni kidogo lakini neno hilo alilijua. "Waliiba."

Kijana akaandika. Nikamwomba, "Afande, tusomee." Akasoma: punda wawili, wamepotea. Koko akagonga meza kwa kidole, mara moja. Kijana akakata "wamepotea" kwa mstari, akaandika "wameibwa" juu yake, akatupa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kwenye kikaratasi.

Nje Koko akaniuliza hicho kikaratasi akiweke wapi kisipotee, nyumba yake inavuja na wajukuu wana mikono. Nikaazima kalamu ya wino mzito kwa kijana wa M-Pesa, tukaiandika ile nambari ubavuni mwa mtungi wake wa njano, chini kidogo ya mpini. Nilipita kwake wiki jana. Hajapigiwa simu. Mtungi ulikuwa mgongoni, umejaa, na nambari bado inasomeka.