Mkasi, upanga na mirathi ya Wafranki

Chlodomer, mmoja wa wana wanne wa Clovis, mfalme wa Wafranki, watu waliotawala Ufaransa ya leo na nchi jirani, aliuawa vitani mwaka 524 akaacha watoto watatu wa kiume, wakalelewa na bibi yao Clotilde. Ndugu za marehemu, Childebert na Chlothar, wakamtumia mama yao mjumbe aliyeshika mkasi na upanga: achague wajukuu wanyolewe au wauawe. Nywele ndefu ndizo zilizokuwa alama ya ufalme katika ukoo ule. Aliyenyolewa hana chake. Kwa hasira bibi akajibu kwamba ni heri awaone maiti. Chlothar hakungoja ajirudi. Wawili, wa miaka 10 na 7, aliwaua kwa mkono wake. Wa tatu akatoroshwa, akaishia utawani. Ndivyo anavyosimulia Gregory, askofu wa Tours.

Kwa visa kama hiki wengi huilaumu desturi ya Wafranki ya kugawia kila mtoto wa kiume kipande cha ufalme. Hoja wanayo. Clovis alipofariki mwaka 511 nchi iligawanywa mafungu manne. Chlothar akaiunganisha mwaka 558, akafa 561, ikagawanywa tena mafungu manne. Kati ya warithi hao wapya, Sigibert na Chilperic wote waliishia mikononi mwa wauaji.

Lakini mwana wa mfalme asiye na fungu angefanya nini? Angekusanya watu wake akalitafute kwa upanga. Wakuu nao walitaka mfalme wa karibu, wa kuwapa ardhi na vyeo. Na kwa fujo zote hizo, ukoo wa Clovis ulikaa kitini hadi mwaka 751.

Umoja wenyewe mara nyingi ulikuwa kazi ya kaburi. Charlemagne, wa ukoo uliofuata, alitawala peke yake kwa sababu mdogo wake Carloman alikufa mwaka 771. Mwaka 806 naye aliandika mgawanyo kwa wanawe watatu. Wawili wakatangulia kufa, akabaki Louis.

Louis ndiye aliyejaribu njia nyingine. Mwaka 817, kwa waraka, alimfanya Lothar, mwanawe mkubwa, kaizari mwenza, wadogo wakawa wafalme chini yake. Bernard wa Italia, mwana wa nduguye Louis, aliyeachwa nje ya waraka ule, aliasi. Akatobolewa macho, akafa. Kisha mwaka 823 mke wa pili, Judith, akazaa Charles, na baba akaanza kumega mafungu ya wakubwa ampe kitinda mimba. Mwaka 833, karibu na Colmar, jeshi la Louis lilihamia kwa wanawe waasi bila vita. Kwangu, kosa lake si kugawa bali kugawa mara ya pili, ingawa sijui ni baba gani mwenye mke kijana angeliepuka.

Baada ya Louis kufa, Lothar alidai ukubwa wote wa 817. Wadogo zake wakamshinda huko Fontenoy, tarehe 25 Juni 841, na mwaka 843 huko Verdun himaya ikagawanywa mafungu matatu. Miaka 12 baadaye, Lothar akiwa mgonjwa, alikigawa kipande chake kwa wanawe watatu, akaingia utawani Prüm, akafa siku chache baadaye.