Saida Si Kinywaji cha Barafu

Kwenye baa nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, saida, kilevi cha juisi ya tufaha iliyochachushwa, huletwa ikiwa ya baridi kali na kipande cha limau kimechomekwa kwenye mdomo wa chupa. Chapa ya Savanna ya Afrika Kusini ndiyo iliyotuzoesha hivyo, na jua la mchana likiwaka sina ugomvi nayo. Ila anayedhani ameijua saida kwa njia hiyo, bado hajaionja. Baridi inaua harufu, na limau linafunika kilichobaki.

Ninayoitetea ni ile ya wakulima wadogo wa Herefordshire na Somerset, magharibi mwa Uingereza. Matufaha yao mengi si ya kula. Ukiuma Dabinett au Kingston Black, ulimi unakauka papo hapo, kama uliyefyonza bibo ambalo halijaiva. Ukakasi huo ndio unaokipa kinywaji mwili. Tufaha la dukani lina sukari na uchachu basi, na sukari ikishageuka kilevi hubaki maji makali yasiyo na la kusema. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha Long Ashton, karibu na Bristol, waliyagawa matufaha ya saida mafungu manne kwa kupima uchachu na ukakasi wake. Utamu hawakuhangaika nao sana, na mimi pia siuhangaikii.

Soma lebo kwanza. Sheria ya Uingereza inaruhusu kuita saida kinywaji chenye asilimia 35 tu ya juisi ya tufaha. Wakulima ninaowasema hukamua matufaha matupu msimu wa vuli, kisha wengi wao huiachia hamira ya asili ifanye kazi taratibu majira yote ya baridi. Hutoka na kilevi cha asilimia 6 hadi 8, kwa hiyo usiigide kama soda.

Itoe kwenye friji mapema, ifike nyuzi 10 au 12 hivi. Tumia glasi ya mvinyo, usiijaze. Nusa. Ukikuta moshi, karafuu, ngozi, hata zizi la farasi, usishtuke. Kwa saida za huko, zikiwa kidogo, ni sehemu ya uzuri wake. Siki ndiyo ya kukimbia. Kisha izungushe mpaka kwenye fizi, umeze, halafu usubiri kidogo. Kuna kasoro moja haina harufu kwenye glasi kwa sababu uchachu umeificha. Mate yakishaupunguza, ndipo ladha ya kinyesi cha panya inapopanda kooni. Wapo wasioihisi kabisa. Wamebarikiwa.

Waasturia wa Hispania wana mtindo mwingine: chupa juu ya kichwa, glasi chini kiunoni, funda moja linywewe papo hapo kabla hewa haijatoka. Mwaka 2024 UNESCO iliutambua utamaduni wao wa saida kuwa urithi wa dunia usioshikika. Wageni huona maigizo, lakini saida yao karibu haina gesi, na kule kuanguka kutoka juu ndiko kunakoiamsha.

Na chakula? Bia inajaza tumbo kabla nyama haijaiva. Saida kavu, yaani isiyo na utamu, yenye ukakasi wa kutosha, inakata mafuta ya mbuzi choma kuliko bia yoyote niliyowahi kunywa, na pilipili ya kachumbari haiiogopi.