Punda Huyu Hana Moyo

Chumvi kilo moja. Anayetaka kujua kosa lilikuwa wapi aanzie hapo, asianze kwa punda. Punda alifanya lile ambalo punda yeyote angelifanya.

Mchezo wa kuigiza tuliouandaa ulikuwa kisa cha punda wa dobi, kile alichokichapisha Edward Steere London mwaka 1870 kama alivyokisikia Unguja, na ambacho wahenga wa Bara Hindi walikisimulia karne nyingi kabla yake. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia Papa makuyu. Papa anamwalika kwao, wakifika katikati ya maji anamwambia sultani ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima hawatembei na mioyo, huiacha mtini. Wanarudi, Kima anapanda, hateremki tena. "Wanifanya punda wa dobi?" Ndipo anapomsimulia Papa habari za punda aliyeponea chupuchupu kwa simba, akabembelezwa na sungura, akarudi, akaliwa. Sungura alikula moyo na masikio kwa siri, na simba alipouliza viko wapi, akajibu bila haya: punda huyu hana moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudi mara ya pili?

Vijana waliugeuza uwe wa leo. Papa akawa wakala wa kazi za Ghuba, suti ya kijivu na simu mbili. Kima akawa kijana wa Kibokoni mwenye vyeti na hana kazi. Punda walitaka awe tuktuk, na mpaka leo nasema walikuwa sahihi, tuktuk haili. Lakini mwelekezi wetu alitaka uhalisia. "Mwalimu," aliniambia, "watu wa Mombasa wameshaona tuktuk za kutosha. Nitengezee mti, punda niachie mimi."

Basi mti. Fremu ni mbao za mbili kwa mbili, urefu mita mbili na nusu, na ngazi imepigiliwa kwa nyuma ili Kima apande bila kuonekana. Juu kuna kibao cha kukalia, nacho kishikwe na boriti mbili zinazofika chini, kisitegemee gamba la karatasi hata kidogo. (Kumbukeni boriti hizo, ndizo zilizomwokoa mtoto wa watu.) Fremu huzungushiwa waya wa kuku, ukaukunjakunja upate vifundo na mizizi, kisha ukaubandika magazeti yaliyochanwa vipande vya upana wa vidole vitatu. Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, maana ukingo uliochanika hulala vizuri na haionekani pale vipande vinapokutana. Matabaka manne yatosha.

Gundi yake ni uji wa ngano. Unga kilo mbili kwa maji lita kumi: koroga unga kwanza na maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka, ukoroge hadi weupe ufifie. Kiangazi, tabaka hukauka siku moja. Sisi tulikuwa mwezi wa Mei, masika yamepamba, na tabaka la kwanza siku ya tatu likaota kuvu kijani kama jibini la mzungu. Dawa ya kuvu inayojulikana ni matone machache ya mafuta ya karafuu. Nyingine ni chumvi, vijiko vitatu vinne kwa sufuria nzima. Mafuta ya karafuu sikuwa nayo, na nilikuwa na hasira na lile kuvu, nikamimina pakiti nzima.

Kuvu lilikufa. Lakini chumvi ina tabia yake: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 au karibu na hapo, huanza kuvuta maji na kuyeyuka, na Mei yetu hupita hapo bila jasho. Jasho lilikuwa la mti. Kila asubuhi niliukuta shina limelowa, nikalipaka rangi ya kahawia juu ya maji, rangi ikateleza. Mwelekezi akafurahi. "Angalia unavyong'aa, kama uko hai!"

Bahari ilitupa kazi ndogo tu. Satini ya mita kumi tuliyoanza nayo ilianguka kama shuka lililofuliwa, tukabadilisha tukashika bitana nyepesi, na siri ni kwamba upande mmoja hutulia na mwingine ndio unaotikisa. Papa alilala kifudifudi chini yake kwenye ubao wa magurudumu manne. Pezi lake ni sponji ya godoro, na gundi ni ya viatu, upake pande zote mbili ungoje dakika kumi. Usijaribu gundi hiyo kwenye lile povu jeupe linalokuja na friji. Hulila. Pezi la kwanza tulilipoteza hivyo.

Sauti ya Kima ndiyo iliyokuwa tatizo. Ukumbi ulikuwa na feni sita za dari, na mtoto akisema kule juu maneno yanakatwakatwa. Nikatundika maiki ndogo ndani ya shina, kwenye tundu tulipouficha moyo. Moyo ulikuwa wa kitambaa chekundu umejazwa pamba, ukubwa wa papai changa. Nilijipongeza sana kwa maiki ile.

Punda alikodiwa shilingi 2,000 na mwenyewe, mzee mpole mwenye kofia ya vito. Akatupa onyo moja: "Huyu haogopi watu wala ngoma. Aogopa sakafu." Ni kweli, mbao za jukwaa zina uwazi chini, na punda akisikia kwato zinalia tupu anahisi yuko juu ya shimo. Farasi akishtuka hukimbia, punda husimama kwanza akawaza. Tukatandika mikeka. Ilihitajika sita toka mlangoni mpaka upande wa pili. Tulikuwa na mitano.

Saa mbili usiku, baada ya Isha, ukumbi umejaa mpaka akina mama wamepakata watoto wa wenzao. Mambo yakaenda vizuri mpaka Kima, juu ya mti, akaanza: "Hapo kale palikuwa na punda." Punda akaingia, watu wakapiga vigelegele. Akatembea mkeka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Akasimama. Mkeka wa tano uliishia hatua mbili tu kutoka kwa shina.

Akanyosha shingo. Akaramba mara moja, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akafumba macho.

Kwenye spika zote nne ikasikika *srrrp*. Halafu gamba likaachia, na ikaja *kro, kro, kro*, nzito, ya kutosheka. Mtoto mmoja mstari wa mbele akapiga ukelele, "Mama! Punda yuwala mti!"

Nikatoka nyuma ya pazia kwa magoti nikaivuta kamba. Punda ukimvuta, naye hurudi nyuma. Nikamsukuma, akaniegemea. Tukajaribu kufunga pazia, likagota kwenye kiuno chake. Kijana wa taa akaona atusaidie, akazima zote, nadhani ni wazo baya kuliko la chumvi, maana sasa watu mia mbili walikaa gizani wakisikiliza mnyama anakula gazeti.

Taa ziliporudi, waya wa kuku ulikuwa nje, boriti mbili zimesimama uchi, Kima amekaa juu yake kama kunguru juu ya nguzo ya stima. Na punda alikuwa ameshafika kwenye tundu. Akaingiza mdomo, akautoa moyo, akausimamisha kati ya meno, mwekundu, unaning'inia.

Sungura wetu, binti wa miaka kumi na mitatu, alifundishwa kwamba lolote litokee mwigizaji haachi maneno yake. Akaingia kwa wakati wake barabara, akamnyoshea punda kidole, akatangaza:

"Punda huyu hana moyo wala masikio!"

"Anao!" ukumbi mzima ukajibu. "Anao kinywani!"

"Huo ni wangu!" akalia Kima kutoka juu.

Papa, aliyekuwa chini ya bahari asijue lolote, akachomoza pezi na suti yake akauliza kama alivyofundishwa, "Rafiki yangu, moyo umeupata?"

Hapo hapakuwa na mchezo tena. Mzee mwenye punda alipanda jukwaani taratibu, akatandika koti lake mahali pa mkeka wa sita, akasema "Haya, baba, twende." Punda akaenda. Moyo akaondoka nao.

Asubuhi yake mzee alirudi peke yake, gunia begani, akanipa salamu zote na kuniuliza hali ya nyumbani.

"Mwalimu," akasema, "yale mabaki ya mti, mwayatupa?"