Somo la Gitaa Lianzie Mkononi mwa Mwanafunzi

Mwanafunzi mpya anapokuja kwangu, dakika kumi za mwanzo simfundishi chochote. Namwomba akae na kulipakata gitaa kama anavyoona mwenyewe, nami namtazama: bega limepanda au limetulia, kiwiko kimebanwa ubavuni au kiko huru, kidole gumba kimekaa wapi nyuma ya shingo ya gitaa. Baada ya miaka kadhaa ya kufundisha mtu mmoja mmoja, ninaamini kwamba mwalimu aliyepewa mwanafunzi mmoja tu, kisha akamfundisha kana kwamba yuko mbele ya darasa zima, amempotezea mtu huyo muda na fedha zake.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu yalinikuta. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mpigaji hodari, lakini alikuwa na jalada moja la karatasi ambalo kila mwanafunzi alilipitia kwa mpangilio uleule. Nilipofika kwenye kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), ile inayokitaka kidole cha shahada kibane nyuzi zote sita kwenye freti ya 1, yaani nafasi ya kwanza kati ya vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, nilikwama kwa miezi miwili, nikaanza kuamini kwamba vidole vyangu havikuumbwa kwa ajili ya gitaa. Hakuna aliyenieleza kwamba hapo ndipo pagumu zaidi kubana, kwa kuwa nyuzi zimeshikiliwa karibu mno na kipande kile cha mwanzo wa shingo zinapopitia, na kwa hiyo hazishuki kwa urahisi. Wanafunzi wangu huanza kulibana umbo hilohilo kwenye freti ya 5, ambako hutoa kodi ya A, kisha hurudi nyuma freti moja baada ya nyingine kadiri mkono unavyopata nguvu. Wimbo ukidai F kabla hawajafika huko, hubana nyuzi nne nyembamba tu, na wimbo unaendelea.

Wapo wanaoniuliza kwa nini walipie mwalimu ilhali mtandao umejaa video za kufundishia, na ni kweli kwamba wapigaji wakubwa wamejifunza wenyewe. Andrés Segovia, aliyelipatia gitaa heshima kubwa katika kumbi za muziki duniani, alijifundisha kwa sehemu kubwa. Tatizo ni kwamba video haimsikii anayeitazama. Chukua kodi ya C: vidole vitatu viko mahali pake, picha inafanana kabisa na ile ya kwenye skrini, lakini uzi wa kwanza unatoa mlio mfu. Mwanafunzi huongeza nguvu hadi ncha za vidole zinauma, wakati kosa ni kwamba kidole cha shahada kimelala kidogo na nyama yake inaugusa uzi wa jirani. Mwalimu aliyeketi karibu humwambia ainue kifundo cha mkono kidogo tu, na uzi unalia papo hapo.

Kuhusu umri, mtoto wa miaka sita asipewe gitaa la mtu mzima, ambalo nyuzi zake hufikia urefu wa milimita 650 hivi; apewe dogo, lenye nyuzi za nailoni, na somo lisizidi nusu saa. Mtu mzima huja na faida ambayo mara nyingi haioni: sikio lake limeshakomaa, na anajua kabisa ni nyimbo zipi zilizomleta.

Vidole vigumu au vyenye hitilafu navyo si hukumu. Moto ulimuunguza mpiga gitaa Django Reinhardt mwaka 1928, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na cha mwisho, havikupona sawasawa. Aliunda upya namna yake ya kupiga, akicharaza sehemu za solo kwa vidole viwili vilivyobaki na kuvitumia vile vilivyodhurika katika baadhi ya kodi, na akawa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa jazi. Ikiwa mtu aliweza kuubadilisha ufundi wote ulingane na mkono wake, sioni sababu ya mwalimu kushindwa kubadilisha ukurasa mmoja wa mazoezi.

Ninaye mwanafunzi mmoja, mama aliyevuka miaka sitini, ambaye vidole vyake hukakamaa asubuhi. Tulihamisha somo likawa la jioni, tukaweka nyuzi nyembamba zaidi, na nikamwomba afanye mazoezi ya dakika kumi na tano kila siku badala ya kujilimbikizia saa mbili za Jumamosi. Wiki iliyopita alihama kutoka C kwenda G na kurudi bila kuitazama shingo ya gitaa hata mara moja. Nilipomwambia muda wetu umekwisha, alikuwa ameshaanza tena ubeti wa kwanza, nami nikakaa kumsikiliza.