Armada na Fort Jesus ni kesi moja

Ukiishi Uingereza muda wa kutosha utaizoea picha ya Malkia Elizabeth wa Kwanza: uso mweupe, kola pana kama sinia, mkono juu ya tufe la dunia. Watoto wetu huja nayo kutoka shule. Hadithi yake ni fupi: kisiwa kidogo cha Kiprotestanti kilisimama peke yake, mfalme wa Hispania akaleta merikebu kama 130, ndiyo Armada, upepo ukazitawanya, kwisha. Na kila tarehe 5 Novemba, mioto na fataki zinapoanza, kuna wenzetu wanaodhani ni mambo ya malkia huyo huyo. Siyo. Ile ni njama ya baruti ya 1605, naye alishakufa tangu 1603.

Kule nyumbani Mombasa hadithi nayo ni fupi: Mreno alikuja, akachoma mji, akajenga Fort Jesus, Muomani akamtoa. Maoni yangu ni kwamba hizi si hadithi mbili. Mfalme aliyetuma Armada 1588 ndiye aliyekuwa mwenye Fort Jesus ilipoanza kujengwa 1593. Felipe wa Pili wa Hispania alikuwa ameshachukua na taji la Ureno tangu 1580, kwa hiyo Goa (makao ya Wareno kule India), Malindi na Lisbon zote zilikuwa chini yake. Armada yenyewe iling'oa nanga Lisbon.

Wenzetu walio nyumbani hupenda kusema kwamba Ulaya mambo ni ya sheria, fitina na ujasusi ni ugonjwa wetu. Hebu waitazame Uingereza ya wakati ule. Elizabeth alirithi kiti Novemba 1558 akiwa na miaka 25, hana mume, hana mtoto, na kwa Wakatoliki wengi ndoa ya mama yake haikuwa ndoa. Mrithi wa karibu alikuwa Mary, malkia wa Uskoti, Mkatoliki, ambaye 1568 alikimbilia Uingereza baada ya kupinduliwa kwake, akawekwa kizuizini karibu miaka 19. Kila aliyetaka kumwondoa Elizabeth alikuwa na mtu tayari wa kumkalisha pale. Hilo ndilo lililofanya njama zisiishe.

Novemba 1569 mabwana wawili wa kaskazini, wa Northumberland na wa Westmorland, waliingia kanisa kuu la Durham, wakachana Biblia na kitabu cha sala cha Kiingereza, misa ikasomwa kwa Kilatini. Uasi ukasambaratika kabla ya Krismasi, na mamia ya watu wa kawaida wakanyongwa vijijini mwao. Februari 1570 Papa Pius wa Tano akamtenga malkia na kanisa na kuwafungua raia wake na kiapo cha utii. Nia ilikuwa kuwasaidia Wakatoliki, lakini hati ile iliwaumiza wao kwanza: tangu siku hiyo kila Mkatoliki wa Uingereza aliweza kuulizwa anamtii nani, na jibu lolote lilikuwa mtego.

Mwaka uliofuata ikaja njama ya Roberto Ridolfi, mwenye benki kutoka Florence, ya kuleta askari wa Hispania na kumwoza Mary kwa bwana wa Norfolk. Ilivyofichuka ni jambo la dukani kabisa. Watumishi wa Norfolk walimpa mwuza vitambaa wa Shrewsbury mfuko apeleke kaskazini, wakimwambia una pauni 50 za fedha. Mwuza vitambaa anajua uzito wa mzigo. Aliuona mzito mno, akaufungua, akakuta dhahabu ya pauni 600 na barua za maandishi ya siri. Norfolk akakatwa kichwa Juni 1572.

Lakini kazi iliyofanywa kwa ustadi kuliko zote ni ile ya pipa la bia, 1586. Mary alihamishiwa Chartley, Staffordshire, na barua zake zote zikazuiwa. Kisha akafunguliwa tundu moja kwa makusudi. Gilbert Gifford, kijana aliyesomea ukasisi, alimwendea na njia: mtengenezaji wa bia wa Burton atapeleka pipa kila wiki, na barua itafungwa ndani ya ngozi na kuwekwa kwenye kikasha kisichopitisha maji, cha kuenea kwenye tundu la kizibo. Pipa tupu likirudi, linarudi na majibu. Gifford alikuwa mtu wa Francis Walsingham, waziri wa malkia. Kila barua ilipita kwanza kwa Thomas Phelippes, aliyesoma maandishi ya siri, na kwa Arthur Gregory, fundi wa kufungua lakiri na kuirudisha isijulikane. Mwenye bia alilipwa na Mary, akalipwa na walinzi wa Mary, kisha akapandisha na bei ya bia. Mfanyabiashara huyo angekaa vizuri tu soko la Kongowea.

Maandishi yenyewe hayakuwa magumu. Kila herufi ya alfabeti ilikuwa na alama yake moja, zikaongezwa alama 30 na kitu za maneno mazima na nne zisizo na maana za kumpotosha msomaji. Kasoro iko hapo kwenye alama moja kwa herufi moja: mtu mwenye subira huhesabu alama inayorudi mara nyingi, akajua hiyo ni e, na nyingine zinafuata. Tarehe 6 Julai Anthony Babington alimwandikia Mary kwamba mabwana sita watamuua malkia. Tarehe 17 Mary akajibu. Phelippes alichora mti wa kunyongea kwenye nakala aliyompelekea Walsingham, kisha akaongeza mwishoni mwa barua, kwa alama za Mary, ombi la kutajiwa majina ya wale sita. Ughushi mtupu. Septemba Babington na wenzake 13 wakauawa kwa siku mbili, saba saba, na Mary akakatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587.

Na raia je? Kutokwenda kanisani kulitozwa peni 12 kwa Jumapili tangu 1559, na 1581 adhabu ikapanda hadi pauni 20 kwa mwezi, fedha ya kumfilisi mwenye shamba. Kumficha kasisi aliyesomea ng'ambo kukawa kosa la kifo 1585. Mwaka uliofuata, mjini York, Margaret Clitherow, mke wa mchinja nyama, alikataa kujibu shtaka hilo, akalazwa chini ya mlango na mawe yakapangwa juu mpaka akafa. Kwa hiyo tukisikia jirani wa huku akisikitikia siasa za kwetu, tumsikilize kwa adabu, huku tukijua ametoka wapi.

Sasa Mombasa. Miaka hiyo hiyo, adui huyo huyo. Elizabeth alitafuta msaada Istanbul: balozi wake, William Harborne, alikaa kwa Sultan Murad wa Tatu kuanzia 1583, Waingereza wakiwauzia Waturuki bati na madini ya risasi, na Walsingham alimwagiza amsihi Sultan atume manowari dhidi ya Hispania. Wazee wa Mombasa, Lamu na Faza nao walielekea kwa Waturuki, kupitia Yemen. Katikati ya miaka ya 1580 alifika nahodha wa Kituruki, Amir Ali Bey, na chombo kimoja tu na ahadi kwamba vingine viko nyuma, na karibu pwani yote ikampokea isipokuwa Malindi. Malkia wa Kiprotestanti na masheikh wa Mombasa walibisha hodi mlango mmoja, na sijaona huku wala kule kibao cha makumbusho kinachosema hivyo.

Mbona yeye akaokoka, wao wakaangamia? Si ushujaa. Elizabeth alikuwa na muda. Aprili 1587 nahodha wake, Francis Drake, alivamia bandari ya Cadiz, Hispania, kisha huko Cape St Vincent akachoma shehena za mbao kavu za mapipa. Waliobaki Hispania wakatengeneza mapipa kwa mbao mbichi, ambazo zikikauka hupinda na kuachia nafasi. Maji yakavuja, nyama ikaoza, na Armada ikafika vitani na mabaharia wagonjwa. Pipa tena, utaona. Halafu upepo wa kusini magharibi ukaisukuma kaskazini, hakuna kurudi ila kuizunguka Uskoti na Ireland.

Kwetu upepo ulifanya kinyume. Kaskazi inayomleta Mturuki kutoka Bahari ya Shamu ndiyo inayomleta Mreno kutoka Goa, msimu ule ule. Mwaka 1587 Wareno waliangamiza Faza, wakakata hata minazi, wakaja kuchoma Mombasa. Ali Bey akarudi na vyombo zaidi, akajenga boma kisiwani. Machi 1589 Tomé de Sousa Coutinho akaingia bandarini na meli kama 20, wakati ng'ambo ya kivuko cha Makupa wamepiga kambi Wazimba waliotoka upande wa Zambezi. Wareno waliwaruhusu wavuke. Watu wa Mombasa walikimbilia baharini, wakiogelea kuelekea meli za adui, kwa sababu nyuma yao kulikuwa kubaya zaidi. Ali Bey alikamatwa, akapelekwa Lisbon. Mfalme wa Lamu akakatwa kichwa hadharani, miaka miwili tu baada ya Mary. Malindi, iliyobaki na Mreno, ikapewa Mombasa.

Tofauti ninayoiona mimi kubwa kati ya huku na nyumbani ni makaratasi. Kule Kew, London, hifadhi ya taifa inatunza alama za siri za Mary na ule ughushi wa Phelippes. Kadi ya msomaji ni bure, unaleta kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Serikali yao imehifadhi ushahidi wa ulaghai wake yenyewe kwa zaidi ya miaka 400. Sisi tuna kuta za Fort Jesus za mawe ya matumbawe, ambazo ramani yake ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, lakini mambo ya Ali Bey tunayasoma kwa kalamu ya makasisi na waandishi wa Kireno. Walichosemezana wazee wa Mombasa siku walipoamua kumpokea Mturuki, nani alipinga, nani alionya kuhusu Goa, hakuna wa kutuambia. Ukipita Makupa leo kwa matatu unavuka pale pale walipovukia Wazimba, na kondakta anakudai nauli.