Ugali Hauna Risiti

Jumamosi iliyopita nilikuwa Riat, kule juu ambako ukigeuka unaliona Ziwa Victoria na mabati ya Kisumu yakimetameta chini, kwenye sherehe ya kufungua nyumba ya rafiki yangu. Nyumba ni nzuri, sitasema uongo. Vyumba vinne vya kulala, vigae mpaka jikoni, tangi la maji juu ya mnara wake. Mchungaji aliomba akaomba, chakula kikachelewa, na mwenye nyumba akaona atumie nafasi hiyo kutuhutubia. Akasimama na soda mkononi akasema maneno ambayo yameninyima usingizi mpaka leo: "Nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu, bila shilingi ya mtu."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mikono ina adabu zake.

Makofi yakiendelea, mkewe alikuwa anapita kwenye viti na jagi na beseni, akitunawisha. Alipofika kwangu aliinamisha jagi kidogo kidogo, akauliza, "Si moto sana, daktari?" Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia, lakini kueleza tofauti hiyo niliacha zamani. Nikamwambia yako sawa, mama. Akanipa kitambaa, akaenda kwa jirani yangu. Nilimwangalia usoni kwa jicho la kazi, nikitafuta hata kaunyusi kamekunjwa. Hakuna.

Sasa, huyu mama namjua. Anauza mitumba ya watoto Kibuye, na Jumapili yetu ya kanisa na kulala mchana ndiyo siku yake ya kusimama juani tangu alfajiri. Msingi wa ile nyumba ulichimbwa miaka saba iliyopita. Kwa miaka hiyo yote mshahara wa bwana ulikuwa unaishia kwenye simiti, kokoto, na fundi ambaye kila wiki alikuwa na msiba kwao. Unga ulikuwa unatoka wapi? Gesi? Sare za shule, msichana wa kazi, mchango wa matanga ya watu wa upande wa bwana? Sikuhitaji kupeleleza. Bwana mwenyewe alishanieleza, tena kwa kujigamba: "Omera, mwezi ule wa kumwaga slabu sikuacha hata senti nyumbani, na hawakulala njaa."

Hawakulala njaa. Ajabu ya Mungu! Kama vile kutolala njaa ni kitu kinachoiangukia familia kutoka mawinguni, kama mvua ya Aprili.

Hebu chukua noti mbili za mia zilizotoka nyumba moja asubuhi moja. Ya bwana imeenda kununua misumari. Ya bibi imeenda kwa mama mboga, ikarudi sukuma wiki, nyanya tatu na kitunguu. Kufikia saa tatu usiku, noti ya bibi haipo tena duniani. Imeliwa, vyombo vimeoshwa. Misumari ya bwana bado iko darini, na miaka saba baadaye ina mwenyewe, anayeweza kusimama na soda akaielezea. Lakini bila ile sukuma wiki, noti ya misumari ingenunua nini? Ingenunua sukuma wiki. Ukuta umesimama kwa sababu kuna pesa nyingine ilikubali kuliwa. Hilo ndilo linalonichoma, na ndilo ambalo hakuna mtu pale hemani alilifikiria, hata mimi, mpaka nilipomwagiwa maji mikononi.

Pengine nisingelishika hivyo kama sikuwa nimetoka kusoma tena utafiti mmoja wa zamani, wa Michael Ross na Fiore Sicoly, uliochapishwa 1979. Waliwauliza wanandoa, kila mmoja kivyake, yeye anafanya sehemu gani ya shughuli za nyumbani. Walipojumlisha majibu ya mume na mke, kwa wengi jumla ilizidi kitu kizima. Na si kwamba watu walikuwa wanadanganya. Ulichofanya wewe unakikumbuka kwa urahisi, ulikiona kikifanyika, mgongo wako ulikisikia. Cha mwenzako ulikikuta kimeshakwisha.

Jumapili jioni nikaona nijaribu kwangu. Mke wangu ni mwalimu, anapenda mitihani kuliko mimi. Tukachukua karatasi, tukakaa mbalimbali kama watahiniwa. Mimi nikaandika 45, nikihisi nimekuwa mnyenyekevu sana. Yeye akaandika 80. Jumla 125, Ross na Sicoly oyee. Kisha akataka orodha. Kwenye yangu kulikuwa na "kwenda sokoni". Akauliza lini. Nikamkumbusha ile Jumapili nilipoleta mkungu wa ndizi. Akasema hiyo ilikuwa 2022. Halafu akanipa kalamu, niandike namba ya viatu vya kitinda mimba wetu. Nilikosa kwa namba mbili, tena kwa kupunguza. Kichwani mwangu mtoto bado yuko chekechea.

Kuna wanaume watasema hayo ni ya nyumba yangu. Basi KNBS, shirika la takwimu la taifa, walipopima matumizi ya muda mwaka 2021, wanawake wa Kenya walionekana wakitumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na ulezi usiolipwa. Mara tano. Na huku ndiko tunakosema "namsaidia mke wangu". Unamsaidia kazi ya nani?

Tuje kwenye sheria, maana nilipowasimulia mawakili wawili ninaokunywa nao chai, walisema nimechelewa, mambo haya yalishatatuliwa. Yalitatuliwa! Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa kwenye ndoa, na ndoa ikivunjika. Tukashangilia. Kisha 27 Januari 2023, kwenye kesi ya wanandoa walioachana, Mahakama ya Juu ikatufafanulia kwamba usawa huo hauna maana ya kugawa mali nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake.

Nitakubali mawili, kwa shingo upande. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, ulezi wa watoto, kazi ya shamba, hata kule kukaa tu pamoja kama wenzi, kuwa ni mchango. Hiyo ni sheria ya watu wenye akili. Pili, katika kesi yenyewe mama alitoka na nusu: Mahakama Kuu ilikuwa imempa asilimia 30 ya nyumba na 20 ya vyumba vya kupangisha, Mahakama ya Rufaa ikapandisha hadi nusu, na ya Juu ikabariki. Mawakili wangu walinikazia macho hapo kama watu waliofunga bao.

Sawa. Lakini kuthibitisha ni kuleta kitu mezani. Bwana ataleta faili: risiti za simiti, mkataba wa fundi, taarifa za benki. Bibi alete nini? Ugali hauna risiti. Omena ya gorogoro moja iliyonunuliwa kwa pesa taslimu ufukweni 2017, ikakaangwa, ikaliwa na watu saba pamoja na shemeji aliyekuja kwa wiki moja akakaa mwaka, itathibitishwa na nani? Aseme, "Mheshimiwa, huyu hapa kijana wangu, simameni mumpime urefu, ndiye risiti"?

Na tuseme ukweli, wengi wetu huku hatufiki kortini. Tunafika matanga. Nimekaa chini ya mahema mengi, Nyakach, Gem, Ugenya, na swali nimelisikia kwa masikio yangu, likiulizwa mjane ambaye bado amevaa kanga ya msiba: "Wewe ulikuja hapa na nini?" Hakuna jaji wala wakili hapo. Kuna shemeji aliyeketi kwenye kiti ambacho huyo mama alikinunua, anamuuliza alikuja na nini.

Mtu ataniuliza, mbona yule mama wa Riat hakununa basi? Labda hana shida, wewe ndiye una shida. Hili ni swali la taaluma yangu na nitalipa heshima yake. Mwaka 2003 Sarah Brosnan na Frans de Waal waliandika kuhusu kima wa kike waliokuwa wakibadilishana vijiwe kwa vipande vya tango. Walifurahia tango vizuri tu, mpaka mmoja alipomwona mwenzake anapewa zabibu kwa kazi ileile. Akalikataa tango, wengine walilirusha. Kima huyo alikuwa na bahati moja: jirani yake mwenye zabibu alikuwa mbele ya macho. Binadamu tunachagua wa kujilinganisha naye. Faye Crosby, mwaka 1982, alishangazwa na wanawake wa Marekani waliokuwa wakilipwa chini ya wanaume na bado wakasema wameridhika na kazi zao. Sehemu ya jibu ni kwamba mwanamke anajipima na mwanamke mwenziwe.

Hiyo naisikia kila wiki kwenye kiti changu cha ushauri nasaha. Mama anaingia kwa sababu ya kukosa usingizi na maumivu ya kichwa ambayo picha za hospitali hazioni kitu. Ukigusa habari za nyumbani tu anawahi kukukinga: wangu hanipigi, halewi, hana mpango wa kando. Amejilinganisha na dada yake aliyeolewa na jambazi, akajiona tajiri. Kisha fomu yangu ina mahali pa kujaza kazi, na mtu aliyeamka saa kumi kwenda kununua mboga za kuuza anaandika "sina". Nimeibadilisha fomu. Sasa inauliza, "Jana ulifanya nini kuanzia ulipoamka?" Karatasi haitoshi, wanageuza nyuma.

Nimemsoma pia Claudia Goldin, yule mama aliyepewa Nobel ya uchumi 2023. Anasema kuna kazi zenye uroho, zinazomlipa zaidi anayekubali kuitwa saa yoyote, kwa hiyo wanandoa wanamtoa mmoja akashibishe kazi hiyo na mwingine abaki karibu na watoto. Kweli tupu, na ofisi za Milimani zimejaa watu hao. Ila kitabu chake ni cha wasomi wa Marekani. Mama wa Kibuye kazi yake ina uroho na yuko karibu na watoto vilevile. Mmoja kambeba mgongoni.

Wanaume wenzangu mlioanza kukohoa, nawasikia. Mwanamume wa huku hajioni mtu mpaka awe na dala yake, yaani boma lake mwenyewe, na mzigo huo unaua watu kimyakimya; ninaokaa nao nawajua, na wengine sikuwahi kukaa nao mpaka tulipokutana kwenye mazishi yao. Hayo ni kweli na yanastahili makala yake. Lakini mwanamume akilemewa na ukuta, jina lake bado liko kwenye ukuta.

Mkitaka kuona nguvu ya kumiliki kitu kinachosimama, nendeni ziwani. Mchuuzi wa samaki anakuja ufukweni na pesa zake mkononi, kamili, na bado mvuvi anamtaka alale naye kwanza ndipo amuuzie. Huku tunaiita jaboya, na hatuifahamu kwa kusoma magazeti. Pesa anayo, kinachokosekana ni mashua. Wanawake wa ufukwe wa Nduru walipoanza kupata mashua zao mwaka 2011 wakawaajiri wanaume wavue, mazungumzo yalibadilika ghafla: sasa ni mvuvi aliyekuwa akiomba kazi. Kisha mafuriko ya 2020 yakaja yakawafurusha. Lakini kwa muda ule mtu aliona.

Jumatatu nilimpigia yule rafiki yangu. Nikamwambia hotuba yako ilikuwa tamu lakini ilisahau mtu. Akanyamaza, akacheka. "Daktari, unataka niandike jina lake ukutani?" Nikamwambia ukutani hapana, kwenye hatimiliki. Kicheko kikakatika. Akasema kuna simu nyingine inaingia.

Na hapa ningekuwa shujaa, kama si kwamba usiku huohuo nilikumbuka tuna kiploti chetu karibu na Maseno, tulichonunua mwaka ambao mshahara wa mke wangu ulikuwa unatulisha wote kwa sababu mimi nilikuwa nasoma. Nikatoa bahasha chini ya kabati. Hati ina jina moja. Mnalijua. Kwa hiyo msinipongeze. Haya nimeyaandika kabla sijafika ofisi ya ardhi.

Taa ilimwamsha. Akaniuliza natafuta nini usiku wote huo. Nikasema risiti.

"Ya nini?"

"Ya unga."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta namba ya daktari wa kweli, akageukia ukutani, akalala.