Seli za uvimbe zioteshwe hapa hapa Mwanza

Kipande cha uvimbe kinachochukuliwa kwa mgonjwa ili kipimwe kwa kawaida hutumbukizwa kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu zisioze, na humo kila seli hufa. Kwa kutambua ugonjwa hilo halina ubaya. Ila seli iliyokufa haijaribiwi dawa, ndiyo maana naona kwamba Mwanza, ambako Hospitali ya Bugando hupokea wagonjwa wa saratani wa Kanda ya Ziwa, panastahili maabara ya kuziotesha zikiwa hai.

Ziwa hili si geni katika kazi hiyo. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowashambulia watoto. Baadaye vipande vyake vilisafirishwa kwa ndege hadi London kwa mtafiti wa virusi Anthony Epstein. Safari moja ukungu uliichelewesha ndege, na sampuli ikafika majimaji yake yakiwa na ukungu wake pia, uliodhaniwa kuwa bakteria. Kumbe zilikuwa seli hai za uvimbe zikielea. Katika seli zilizooteshwa hivyo ndimo kilimoonekana, mwaka 1964, kirusi cha Epstein-Barr, kinachohusishwa na uvimbe huo. Nafurahia ugunduzi huo, lakini sitaki seli za mtoto wa Ukerewe zilazimike kupanda ndege ndipo ziishi.

Kazi yenyewe inadai uvumilivu. Kipande hukatwakatwa, hulainishwa kwa vimeng'enya hadi seli ziachane, kisha huwekwa kwenye majimaji ya lishe yenye rangi nyekundu, katika joto la nyuzi 37 na hewa ya ukaa asilimia 5. Majimaji yakigeuka manjano, yameingia asidi na hayana budi kubadilishwa, hata iwe Jumapili. Mara nyingi seli za kawaida za tishu hukua upesi na kuzisonga zile za saratani, kama magugu maji yanavyoziba mwalo. Kwa hiyo kabla ya mashine za kifahari, tuanze na umeme wa akiba na mafundi wanaolipwa vizuri.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni ridhaa. Mwaka 1951, huko Baltimore, seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa bila yeye kuombwa, na hadi leo zinaoteshwa duniani kote. Mama anayetoka Magu aelezwe kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma akipenda, kwamba seli zake zinaweza kuishi miaka mingi baada yake, na akikataa, matibabu yake yaendelee vilevile.